Ndege Tulivu

"Ndege tulivu haikwepi risasi." Mmeisikia leo, mkacheka, mkauliza ni ndege gani hiyo. Basi kaeni. Methali hii ilianza hivi.

Wakati wa vita na Mtaliano, kwenye kiwanja cha ndege za kivita huko nyikani mpakani, alikuwako fundi aitwaye Mwambire Ngowa. Alitunza ndege moja tu, ya Bwana Haroldi, rubani kijana aliyezaliwa Kitale na kukijua Kiswahili vizuri. Ndani ya ndege hiyo mlikuwa na vyuma vya uzito vya kusogezwa. Vikikaa nyuma, ndege haikutulia, lakini rubani akigusa usukani tu, imeshageuka. Vikisogezwa mbele, ilikwenda imenyooka, na kuigeuza ikawa kazi. Haroldi alivitaka nyuma, apate kukwepa risasi.

Siku moja jenerali akaja na wageni kukagua. Mwambire akavisogeza vyuma mbele, ili ndege ipite juu ya wageni bila kuyumba. Haroldi alikuwa mapumzikoni siku ile; rubani mwingine akairusha, ikapita vizuri mno. Jenerali akampa mkono mbele ya mafundi wenzake, wakampigia makofi, naye akavimba kichwa. Kuvirudisha vyuma ilikuwa kazi ya nusu saa. Akasema, kesho.

Kesho yake asubuhi king'ora kikalia. Mwambire alimfunga Haroldi mkanda kwa mikono yake mwenyewe, vyuma vikiwa bado mbele. Angesemaje, mbele ya watu waliompigia makofi jana?

Ndege ilirudi imetobokatoboka, na mguu wa Haroldi umesagwa na risasi. Mkuu wa kikosi akamfokea akiwa machelani: amegeuza ndege kama kikongwe, hafai kuruka. Mwambire alikuwa papo hapo, spana mkononi. Akanyamaza.

Siku ya tatu ndipo alipokwenda hospitali.

"Bwana, vyuma vilikuwa mbele. Ni mimi niliyeviacha."

Mguu ulikuwa umekwisha katwa. "Siku tatu hizi nimejiona mwoga," alisema Haroldi.

"Nisamehe, Bwana."

"Kwa vyuma, nimekusamehe. Lakini nilipotukanwa ulikuwa umesimama karibu yangu, Mwambire. Ulisikia."

Mwambire akatoka moja kwa moja. Alikwenda akamweleza mkuu yote mbele ya kikosi kizima, akanyang'anywa spana, akamaliza vita akifagia kiwanja.

Aliporudi kwao, watu walimpenda. Walimsifu kuwa mtu mpole, hana neno na mtu. Kila aliposifiwa hivyo aliinamisha uso kwa aibu.

"Msinisifu kwa hilo," aliwaambia. "Ndege tulivu haikwepi risasi."