Bi Nguchiro na Fundi wa Sikio

"Kama fundi ndiye anayejua ugonjwa wa gari, mbona kila gari likitoka kwake linaumwa zaidi?"

Swali hilo liliulizwa mkutanoni, kwa sauti, mchana kweupe. Swala alitazama kwato zake. Kobe aliingia ndani ya gamba. Mwenyekiti alikohoa, akasema twende kwenye ajenda inayofuata.

Basi sogeeni niwasimulie. Haya yalikuwa kale, ila si ile kale ya mbali mno, maana wanyama walikwisha kuwa na nyumba za bati, magari ya mtumba na mikutano ya kijiji isiyokwisha. Kijiji chenyewe kiliitwa Mteremkoni. Kilikuwa mteremkoni.

Aliyeuliza swali ni Bi Nguchiro. Nguchiro mnamjua: mnyama mdogo, mwili mrefu, mkia kama brashi, mdomo hauna breki. Alikuwa na watoto wanne, pikapu moja kuukuu iliyobeba nyanya zao sokoni, na paneli moja ya sola juu ya bati.

Kila Jumamosi asubuhi alipanda juu na kitambaa kibichi, akaifuta paneli vumbi. Akishuka, alifungua boneti ya pikapu, akachomoa ule ujiti wa kupimia oili, akaupangusa, akauchovya, akautazama. Akaongeza maji kwenye rejeta. Akasugua ule ukungu mweupe kwenye vichwa vya betri. Watoto walishika spana na kubishana nani ashike ipi. Jioni walisoma kwa taa, asubuhi gari liliwaka.

Hakuna aliyeliona hilo kuwa kosa, isipokuwa wawili.

Wa kwanza ni Mwenyekiti Kiboko mwenyewe. Alikuwa na jenereta kubwa, dududududu, alilolitumia kuwauzia majirani umeme. Likizimika hakuna aliyejua kwa nini, na hakuna aliyeruhusiwa kuuliza. Wa pili ni shemeji yake, Fundi Fisi, mwenye gereji.

Fisi alijiita Fundi wa Sikio. Mafundi wengine hufungua boneti. Yeye hakufungua. Alilaza sikio juu yake, akafumba macho, akasema "Mmmh," kisha akataja ugonjwa. Gari la Kobe liliingia gereji na taa moja iliyokuwa ikipepesa. Likatoka halina taa kabisa.

"Inapepesa tena?" Fisi alimuuliza.

"Hapana," alijibu Kobe.

"Basi limepona."

Sasa turudi mkutanoni.

"Ajenda inayofuata," alisema Kiboko, "ni usalama. Tunataka kupitisha sheria. Mwenye chombo asikiguse chombo chake. Gari litafunguliwa na fundi tu. Na paneli za jua zishushwe zote, zikae kwangu."

"Zikae kwako kwa nini, Mwenyekiti?" aliuliza Swala.

"Kwa sababu watu wanazisugua. Ukilisugua jua kila Jumamosi, litaisha."

"Eeeh!" walisema wanyama, wakatazama juu. Jua lilikuwepo.

Bi Nguchiro alipanda juu ya kiti. "Shikamoo, Mwenyekiti."

"Marahaba. Kaa chini."

"Nikikaa hamnioni. Mwenyekiti, hiyo sheria mmeiandika kwa ajili ya nyumba yangu, maana paneli kijiji hiki ni moja. Sawa. Mnasema fundi anajua na mimi sijui. Basi tupimane. Pikapu yangu ina tatizo. Tena tatizo kubwa. Kesho naileta hapa uwanjani, mbele ya wote. Fundi akilitaja, paneli nitaishusha kwa mikono yangu, na pikapu ibaki gerejini ioze. Akishindwa, sheria hii ife, na ninyi wawili mtaisukuma pikapu yangu mpaka mlangoni kwangu."

"Atafungua boneti au hatafungua?" Kiboko aliuliza. Hakuwa mjinga kabisa.

Fisi aliangua kicheko. "Kwi-kwi-kwiii! Shemeji, unanitukana mbele za watu? Mimi nifungue boneti? Wafungue wenye macho. Mimi nina sikio!"

"Kwa hiyo hufungui," alisema Bi Nguchiro.

"Sifungui!"

"Wote mmesikia?"

"Tumesikiaaa!"

Nyumbani, Mashaka, mtoto wa kwanza, alikuwa analia. "Mama, umeiweka rehani nyumba yetu. Wakichukua paneli tutasoma kwa taa gani? Na nyanya je? Tutazibeba kichwani?"

"Ndiyo maana hatutashindwa. Futa kamasi, lete mnyororo."

"Lakini Mama, pikapu haina tatizo."

"Sasa hivi haina," alisema mama yake. "Lete mnyororo."

Mchana ule walifungua nati, wakafunga mnyororo kwenye tawi la mfenesi, wakavuta. Ngwee. Ngwee. Ngwee. Injini ikatoka nzima, ikaning'inia kama fenesi jingine, ikashushwa juu ya mkeka barazani. Nati walizitia kwenye sufuria. Injini ilikuwa inahitaji kuoshwa hata hivyo.

Kisha Bi Nguchiro akawapanga watoto mbele ya boneti iliyo wazi.

"Mashaka, wewe ni injini. Unguruma."

"Vrrrm?"

"Kwa kujiamini." Akamgeukia mtoto wa pili. "Sikujua, wewe ni feni."

"Fyu-fyu-fyu-fyu."

"Vizuri. Kibibi, wewe ni vali."

"Vali ndiyo nini?"

"Ni kitu kidogo kinachosema tiki-tiki na bila hicho gari haliendi."

Kibibi alivimba kwa fahari. "Tiki-tiki-tiki-tiki!"

"Na mimi?" aliuliza Shwari, kitinda mimba.

"Wewe ukae kimya. Kila gari zuri lina sehemu ya kimya."

Asubuhi kijiji kizima kilikuwa uwanjani. Juu ya kilima pikapu ilionekana. Bi Nguchiro aliachia breki ya mkono, na mteremko ukafanya kazi yake. Vrrrrrm! Fyu-fyu-fyu! Tiki-tiki-tiki! Ikashuka, ikakata kona, ikasimama katikati ya uwanja inanguruma taratibu.

"Mbona inanguruma vizuri?" alinong'ona Swala.

"Vizuri mno," alisema Kobe kwa huzuni. "Amekwisha huyu mama."

Fundi Fisi akaja. Alivaa ovaroli ya bluu isiyo na doa hata moja la oili. Hakuna aliyewahi kujiuliza kwa nini. Alizunguka pikapu, akaipiga teke tairi, akalaza sikio juu ya boneti.

"Mmmh."

"Unasikiaje, Fundi?" aliuliza Kiboko.

"Subiri kwanza. Mama, mafuta unaweka wapi?"

"Kwenye tangi," alijibu Bi Nguchiro kutoka kwenye usukani.

"Ndiyo maana." Akafumba macho. "Mnaisikia hiyo tiki-tiki? Vali zimelegea."

Kibibi, kule ndani, hakuipenda kauli hiyo. Tikitikitikitikitiki!

"Zinazidi kulegea!" alisema Fisi.

"Aaah!" walisema wanyama. Wengine walipiga makofi.

"Kanyaga mafuta, mama."

Bi Nguchiro alikanyaga. Mashaka alivuta pumzi, akaiachia yote. "VRRRRRRRM! Vrrrm... kho! Kho-kho!"

"Kabureta imeziba," alisema Fisi. "Hicho ni kikohozi cha kabureta. Nakijua tangu utotoni."

Kucha za Bi Nguchiro zilikuwa zimeuma usukani. Jua lilikuwa limeanza kupanda, na chini ya boneti kulikuwa na joto. Pale ilikuwemo nyumba yake yote: taa ya watoto, soko la nyanya, na watoto wenyewe. Mmoja akitoa kichwa mapema, Kiboko atasema mchezo umeharibika, na paneli itashushwa kabla ya saa sita.

Hapo ndipo sehemu ya kimya ilipopata kwikwi.

"Kwik!"

Fisi alifumbua jicho moja.

"Nini hiyo?"

"Kwik!"

Bi Nguchiro alitazama mbele kama dereva wa msiba. Fisi alilikandamiza sikio. Akasikiliza. Paji la uso likakunjamana, kisha likakunjuka.

"Pistoni," alisema polepole. "Pistoni imepasuka."

"Kwik!"

"Na nyingine inafuata. Jamani, hili si gari tena, ni maiti inayotembea." Akasimama wima, akajifuta mikono iliyokuwa safi. "Jibu langu ni hili: injini imekufa. Ishushwe leo hii. Nitafunga nyingine niliyonayo gerejini, ilikuwa ya mjomba wake Nungunungu."

"Mjomba wangu anaitafuta mpaka leo," ilisikika sauti ya Nungunungu, lakini ilifunikwa na makofi.

Bi Nguchiro alishuka. "Fundi, nikuulize mbele ya wote. Ulichokisikia humu ni injini?"

"Mama, nimesikiliza injini kabla hujazaliwa."

"Sijauliza umri. Humu umesikia injini?"

"Injini! Mbovu, imekufa, lakini injini!"

"Wote mmesikia?"

"Tumesikiaaa!"

"Basi boneti ifunguliwe."

"Nilisema sifungui!"

"Wewe hufungui. Atafungua Mwenyekiti. Yeye ana macho."

Kiboko alifungua. Kraaak!

Vichwa vinne vilimtazama kutoka mahali pa injini. Mashaka alikuwa bado ananguruma kwa mazoea, vrrm, vrm, vr, mpaka akazimika. Vumbi lilitulia.

"Shikamoo, Mwenyekiti," walisema watoto kwa pamoja.

"Marahaba," alijibu Kiboko, maana malezi ni malezi.

"Kwik," alisema Shwari.

Fisi alichungulia. Alitazama huku, akatazama kule, akatazama chini ambako ardhi ilionekana wazi. Kisha akainua kidole.

"Ni kama nilivyosema. Panya wameila injini."

"Sisi si panya!" Kibibi alipiga kelele. "Na mimi sijalegea! Mimi ni vali!"

Jamani, kijiji kilicheka. Kilicheka mpaka Twiga akalazimika kukaa. Fisi naye alicheka, kwi-kwi-kwi, kwa sababu kucheka ndiko pekee alikokuwa akikujua, lakini alipotazama pembeni aliona wengine wameanza kuacha.

Kobe alikuwa ametoa kichwa chote nje ya gamba. "Fundi," alisema, "taa zangu ziko wapi?"

"Taa zipi, mzee wangu?"

"Zile zilizopona."

Mara boneti zikaanza kufunguliwa pale pale uwanjani, kraak, kraak, kraak, na wenye magari ambao hawakuwahi kutazama ndani hata siku moja. Nungunungu alikuta kiota cha ndege mahali pa kisafisha hewa. Ndege alimwomba afunge, upepo unaingia. Swala alikuta waya umefungwa kwa kamba ya katani. Kila mmoja aligeuka kumtazama Fisi, na hakuna aliyekuwa na haraka.

"Mkutano umeahirishwa," alisema Kiboko.

"Utaahirishwa baada ya kusukuma," alisema Bi Nguchiro. "Na ile sheria?"

"Imekufa," alinung'unika Kiboko.

"Sijasikia, Mwenyekiti. Mimi sina sikio la ufundi."

"IMEKUFA!"

Wakasukuma. Kiboko nyuma kushoto, Fisi nyuma kulia, mlima mzima, hoooop, tena, hoooop, huku Bi Nguchiro akishika usukani na watoto wanne wakiwa wamerudi ndani ya boneti kwa hiari yao, vrrrrm, fyu-fyu, tiki-tiki, kwik. Majirani walifuata nyuma. Si wa kusaidia. Wa kutazama.

Walipofika, injini ilikuwa barazani juu ya mkeka, imeoshwa, inang'aa. Juu ya bati paneli ilikuwa inakunywa jua, na jua halikuwa limepungua. Fisi alisimama mbele ya mkeka akihema. Aliinama, akakitazama kile kitu kwa makini, mbele na nyuma.

"Na hii nayo ni nini?" aliuliza.

"Injini, Fundi," alisema Shwari. Kwikwi ilikuwa imeisha.

Siku ya kuirudisha injini majirani walijaa uani, na Bi Nguchiro hakumfukuza yeyote. Alimpa kila mmoja ule ujiti wa oili auchovye mwenyewe, aone oili imefika wapi. Baadaye Kobe alinunua paneli na akasisitiza kupanda kwa miguu yake mwenyewe kuifuta. Alianza Jumatatu. Alhamisi walimkuta juu, anafuta.

Sasa msije mkasema nimewatukana mafundi. Kuna siku injini huhitaji fundi, na fundi wa kweli yupo: anafungua mbele yako, anakuonyesha kilichokufa, na anakurudishia mkononi uende nacho. Hadithi hii ni ya yule mwingine, na ya wale tuliomwachia gari na kwenda kukaa kivulini.

Asiyefungua boneti yake hufunguliwa mfuko.

Nami nawaombeni jambo moja tu. Kesho asubuhi, kabla gari la nyumbani halijawashwa, mwambieni mkubwa mmoja auchomoe ule ujiti wa oili, nanyi msogee karibu mtazame.