Upinde Uliokosa la Kujitetea

Mwaka ule mvua iliwapa kisogo wanyama wa Mbuga ya Mikwaju. Mito ikakauka, maji yakabaki katika bwawa moja tu, na kila asubuhi pakawa na kusukumana na matusi pale ukingoni. Mfalme Simba, ambaye hakupenda kitu kama kuonekana anatawala, akaona bwawa linahitaji askari. Akamteua Fisi, akampa upinde, podo lililojaa mishale, na amri moja: mshale usitoke podoni mpaka askari aite, "Nani wewe?" na asubiri jibu.

Fisi alifurahi kupita kiasi, kwa sababu askari wa bwawa alipewa posho ya mifupa. Na Fisi, mbele ya mfupa, hajui ndugu wala jamaa.

Haukupita muda, Pundamilia akachomwa mshale wa paja akienda kunywa. Fisi akalia kuliko hata aliyeumia. "Upinde umefyatuka wenyewe, Mfalme! Mimi nilikuwa nimeushika tu, kwa adabu zote!"

Simba hakutaka isemwe kwamba alikosea kuteua. Tena desturi ya mbuga ile ilimsaidia: kitu kilichodhuru ndicho kilichoshitakiwa. Jiwe likimwangukia mtu, lilihukumiwa na kutupwa korongoni. Basi upinde ukashitakiwa, ukaonekana una hatia, ukafungwa kwa kamba kwenye mgunga. Fisi akapewa mwingine, mzuri zaidi.

Huo wa pili ndio uliompata Bi Kanga. Alikuwa njiani kwenda bwawani na vifaranga wake nyuma, mshale ukaja kimya kimya ukampasua bawa. Watoto wakatawanyika vichakani. Aliwakusanya wote, lakini hakuna aliyekubali kurudi kule. Walilia kiu kutwa nzima, na wakisikia neno bwawa wananyamaza. Hilo lilimuuma Bi Kanga kuliko bawa lenyewe.

Alipokwisha kumshitakia Simba, akamwendea Sungura. "Mwanangu, kesho baraza litaufunga upinde huu nao, na Afande Fisi atapewa wa tatu. Wanangu watakufa kwa kiu huku wakubwa wakifunga vijiti!"

"Shangazi, punguza hasira, utapukutika manyoya," Sungura akasema. "Una mfupa wowote nyumbani?"

"Mfupa niutoe wapi, mimi mla mchwa?"

"Basi nitaazima kwa Mbweha."

Kesho yake baraza likajaa. Simba akatikisa manyoya ya shingo, akautazama upinde uliolazwa mbele yake. "Upinde, una la kujitetea?"

Upinde ukakaa kimya.

"Tena una kiburi," Simba akasema.

Sungura akainama. "Mfalme wetu, kabla ya hukumu naogopea usalama wa baraza. Silaha hii inafyatuka yenyewe. Iwekwe kule katikati ya uwanja na mshale wake, ielekezwe mahali pasipo na mtu, na sote turudi nyuma."

Simba akakubali, wanyama wakarudi nyuma wakikanyagana. Sungura akauweka upinde, akapachika mshale, kisha mbele kabisa ya ncha akadondosha mfupa mnono wenye nyama kidogo. Akaondoka kama aliyesahau kitu.

Bi Kanga akamkazia Fisi macho. Fisi akijizuia, basi mambo yameharibika. Alimwona anatazama mbinguni, anamtazama Simba, anatazama mbinguni tena. Udenda ukamtoka. Hatimaye akasimama, akaenda, akakaa mbele ya mshale, kifua wazi, akaanza kutafuna.

"Afande, hatari!" Sungura akapiga kelele. "Upinde huo unafyatuka wenyewe!"

"Acha utoto," Fisi akasema, mashavu yamevimba. "Upinde ambao haukuvutwa utafyatukaje?"

Bi Kanga akasogea mbele, bawa likining'inia. "Juzi aliuvuta nani?"

"Mimi, nani mwingine? Majani yalichakacha, nikadhani kuna mtu anakuja kuniomba mfupa."

"Uliita, 'Nani wewe?'"

"Ningeitaje, Bi Kanga, na mdomo umejaa hivi?"

Hapo ndipo Fisi alipoyasikia maneno yake mwenyewe. Macho yakamtoka. Alimaliza kutafuna hata hivyo, maana Fisi ni Fisi, huku Pundamilia akicheka mpaka akasahau paja lake.

"Mimi sikujua," Simba akanguruma.

"Hukuuliza, Mfalme," Bi Kanga akajibu. Hakurudi nyuma. "Pundamilia alikuja kwako na damu. Mimi nilikuja na damu. Ukaona bora umhoji upinde."

Simba akatazama kucha zake. "Nilikosea," akasema.

"Hatujasikia huku nyuma!" Tembo akaita.

"Nimesema nilikosea!"

Fisi akavuliwa upinde, podo na posho, mbele ya kila mtu. Akaambiwa awaombe radhi Pundamilia na Bi Kanga kwa majina yao, kisha awachotee maji mpaka wapone, bila silaha mkononi. Desturi ya kushitaki vitu ikafutwa siku hiyo hiyo. Mahali pake ikawekwa hii: askari akimjeruhi mtu, hata kwa bahati mbaya, atasimama mwenyewe barazani aeleze alichofanya, na aliyempa kazi atasimama ubavuni pake.

Jioni hiyo Bi Kanga aliwaongoza wanawe bwawani, wakanywa mpaka matumbo yakawa ngoma.

Nanyi mnaosikiliza, somo lake si la kuzungusha. Silaha haina akili ya kukosea. Wa kujibu ni aliyeishika, na aliyempa aishike naye asijifiche.