Jogoo Mweupe wa Bwana Sengondo

Bwana Sengondo alimburuta jirani yake Bi Mashavu, muuza vitumbua, hadi kwa balozi wa mtaa.

"Nimechoka kuamshwa na jogoo wake! Jogoo atakayewika kesho alfajiri, jirani wa mwenye jogoo amchinje amle. Balozi, andika!"

Balozi akaandika.

"Sawa, bwana mkubwa," alisema Bi Mashavu kwa upole. "Ila jogoo hunyamaza mbele ya mbabe wake. Niazime yule mweupe uliyeletewa leo na wakwe zako, wangu atafyata mkia."

Kichwa kikamvimba Sengondo, akampeleka jogoo wake yeye mwenyewe kwenye banda la Bi Mashavu.

Alfajiri mtaa mzima ukashtuka kwa kuwika. Sengondo alifika mbio na kisu, akamkuta Bi Mashavu na balozi wakinyonyoa manyoya meupe.

"Wangu kafyata, hakuthubutu," alisema Bi Mashavu. "Aliyewika ni wako. Karibu supu, jirani."