Yai la Meza ya Mbio

Ninalo neno la kutegua. Mnalitaka au nilimeze? Mnalitaka. Basi kaeni sawasawa, na mwenye usingizi akalale sasa hivi, maana mwisho wa neno hili sitausema mimi.

Walikuwepo wasichana watatu katika Chuo cha Ualimu Endagwasi, chuo kidogo juu huko kwenye baridi, ambako upepo ukivuma mbuzi hutembea kiubavu. Melania alikuwa na kifua. Alipanda mlima akiimba, na akifika kileleni alianza ubeti mwingine. Yustina alikuwa na miguu, mirefu, mikavu, na mwisho wa mbio, wenzake walipokuwa wakijikokota, ndipo yake ilipoamka. Elieta hakuwa na kifua wala miguu ya kusifiwa. Alikuwa na shingo ngumu. Ukimwambia simama, hapo ndipo anapoanza.

Na wa nne alikuwepo, Mwalimu Theodora, mkuu wa chuo, ambaye wanafunzi walimwita Madamu. Kipaji chake kilikuwa mdomo. Ukizungumza naye, ulitoka ukiamini kwamba dunia nzima yeye anakupenda wewe tu. Huyo mtazameni vizuri, maana mzigo utaangukia mikononi mwake.

Sasa, chuo kilikuwa kinakufa. Kinakufa kama ng'ombe wa kiangazi, polepole na macho wazi. Wanafunzi wachache, ada chache, bweni linavuja, walimu wanakopa sukari dukani. Mwenyekiti wa bodi, Mzee Margwe, akaja na dawa yake.

"Madamu, nani atamleta mwanawe asome kwenye baridi hii? Hakuna. Lakini chuo kikitajwa redioni kwamba kimeshinda mbio, wazazi watapanga foleni. Anzisha timu."

"Kwa fedha ipi, Mzee?"

"Hiyo hiyo iliyopo. Ikunje upya."

Theodora akaikunja. Muuguzi wa zahanati ya chuo akaachishwa kazi ili kocha apate mshahara. Fungu la dawa likawa viatu vya mbio. Maharage ya wanafunzi wengine yakaongezwa maji mpaka ungeweza kujitazamia uso, ili meza moja pale bwaloni ipate nyama na mayai. Ikaitwa meza ya mbio.

Na meza ile ikazaa desturi yake. Kila muhula ukianza, asubuhi ya kwanza, Madamu mwenyewe alipita na bakuli, akaweka yai la kuchemsha kwenye sahani ya kila mkimbiaji ambaye chuo kitamlipia ada. Aliyerukwa aliinuka na sahani yake, akahamia kwenye maharage, na ada akajitafutie anakojua. Asiyelipa hapati cheti. Hapakuwa na barua, hapakuwa na tangazo. Yai lilikuwa hukumu.

Wanafunzi wengine wakipita pale walikuwa na yao.

"Kuleni, kuleni! Maharage yetu hayo mnayatafuna."

"Tukishinda tutawarudishia," Melania alijibu siku moja, mdomo umejaa.

"Mtayarudishaje, yakishapita huko yanakopita?"

Bwalo zima likacheka. Njaa ina vicheko vyake.

Yakaja mashindano ya mbio za nyika za vyuo. Sheria yake ni rahisi: timu ni watu watatu, nafasi zao zinajumlishwa, wenye jumla ndogo ndio washindi, na mmoja asipofika, timu nzima haihesabiwi. Mzee Margwe akamwita Theodora pembeni.

"Wakishinda, bodi itamlipia mmoja mpaka cheti. Mmoja, Madamu. Wakishindwa, hata huyo hayupo."

"Na hao wawili?"

"Wana kwao."

Wana kwao! Melania kwao ni wadogo zake watatu na sufuria tupu. Yustina kwao ni shamba ambalo baba alikwisha kuliuza ili aje chuo. Elieta kwao ni kwa shangazi, na shangazi alimwambia asirudi bila cheti. Theodora aliyajua yote haya. Alijua pia jambo jingine: mtu anayegombania kitu hujichunga, lakini mtu aliyekwisha kuahidiwa hutoa chote. Basi akawaita mmojammoja. Melania alimwitia kwenye tangi la maji. Yustina alimshika mkono wakitoka kanisani. Elieta alimkalisha ofisini akampa chai. Na wote aliwaambia maneno yale yale:

"Nafasi ya kulipiwa ni yako. Usimwambie mtu, wenzako wataumia."

Msimwone mchawi. Kwa kweli hakudhani watashinda. Kuahidi usichotarajia kukipata ni rahisi kama kusalimia njiani.

Siku ikafika. Chuo kikubwa cha bondeni kilikuja na basi lake na jezi za kung'aa. Wasichana wao walikimbia pamoja kama shanga kwenye uzi, na kila mtu alijua kwamba uzi ule usipokatika hawashindiki.

Melania ndiye aliyeukata. Tangu mlima wa kwanza alifyatuka kama nyumba yao inaungua. Wale wa bondeni wakaingiwa na hofu, wakamfuata, wakaachana, mmoja huku, mwingine kule, pumzi zimewaishia kabla ya nusu. Kocha alisema baadaye kwamba Melania angekimbia kwa mwendo wake, angeshinda yeye. Lakini ya nini kujibakizia? Nafasi anayo. Alipitwa mwishoni na wachache, akafika akitema povu lenye wekundu. Tangu siku ile kifua chake kinalia kama mlango usiotiwa mafuta, na wimbo hapandi nao hata ngazi.

Yustina ndiye aliyeshinda. Asubuhi ile kaka yake alipiga simu kwa kocha: mama amezidiwa, anamwita, aje sasa hivi. Kocha akampa simu, Theodora amesimama karibu, anasikia. Msichana akamtazama Madamu. Madamu hakusema nenda, hakusema kaa. Aliangalia viatu vyake. "Mwambie mama nakuja jioni na habari njema," Yustina akasema. Nafasi ni yake, atarudije nyumbani mikono mitupu? Akakimbia, akawapita wote waliokatwa na Melania, akavunja utepe. Alipofika nyumbani mama alikuwa ameshafunikwa uso.

Na Elieta? Mguu wake ulikuwa unauma tangu zamani, mfupa wa mbele, chini ya goti. Akaufunga kwa kipande cha kanga akanyamaza, kwa sababu mgonjwa hakai meza ya mbio. Muuguzi wa kumuuliza hakuwepo, alikwisha kugeuzwa kocha. Theodora alimwona akichechemea. "Una nini, mwanangu?" "Kiatu kinabana, Madamu." Naye Madamu akakubali kwamba ni kiatu. Siku ya mbio mfupa ulivunjika njiani, watu waliusikia. Wakamwambia akae chini. Nimewaeleza, huyu ukimwambia simama ndipo anaanza. Alikuja akiruka kwa mguu mmoja, akaanguka, akatambaa, akafika kabla ya msichana wa mwisho wa bondeni. Nafasi yake ikajumlishwa, na Endagwasi wakashinda kwa pointi moja. Moja tu. Mfupa ulikuwa umetoboa ngozi, kidonda kikaoza. Mguu ukakatwa.

Redio ikasema. Wazazi wakapanga foleni, kama Mzee Margwe alivyotabiri.

Theodora alikwenda hospitali na machungwa kwenye mfuko. Alipofika mlangoni mwa wodi aliwakuta Melania na Yustina wameketi kitandani kwa mwenzao, wanalia, na Elieta anawabembeleza wao.

"Acheni kunililia. Mguu umekwenda, lakini nafasi ninayo. Madamu aliniahidi."

Yustina akafuta machozi. Kisha akauliza polepole, "Alikuahidi lini?"

"Kabla ya mbio. Alinipa na chai."

Melania akaanza kucheka, kicheko kikageuka kikohozi. "Wewe ulipata na chai? Mimi alinipa kwenye tangi, kavukavu."

Theodora akarudi kinyumenyume. Machungwa akayaacha sakafuni kwenye varanda. 

Akaenda kwa bodi. Akaomba nafasi tatu, akaomba mbili. Walikuwa wanakunywa chai.

"Tulisema mmoja," Mzee Margwe akasema. "Na kama unauliza kwangu, mpe Yustina. Ndiye pekee aliyebaki na kitu cha kukimbilia. Huyo wa kikohozi na huyo wa gongo, meza ya mbio wanaifanyia nini?"

"Waliumia kwa ajili ya chuo, Mzee."

"Na chuo kimepona kwa ajili yao. Tuwashukuru."

Muhula mpya ukaanza. Asubuhi ya kwanza bwalo likajaa mpaka milangoni, wanafunzi wapya na masweta yao mapya. Kwenye meza ya mbio watatu walikuwa wameketi na sahani zao. Hakuna aliyeinuka. Theodora akatoka jikoni na bakuli, na ndani ya bakuli, yai moja.

Akasimama mbele yao. Wa kwanza kusema alikuwa Melania, kwa sauti ya kukwaruza.

"Madamu, sikuja kuomba. Ushindi ulikuwa wangu, nikaugawa kwa neno lako. Nisingewakata wale, huyu angempita nani, na huyu angetambaa kwenda wapi?"

"Na ungewakata ukamwachia nani?" Yustina akasema. "Utepe haukujivunja. Mama yangu aliniita, Madamu, na ulikuwepo, ulisikia."

"Wewe una miguu bado," Melania akamwambia. "Watu watakuchukua."

"Watu gani? Waliokuja wote walikuja kupiga picha. Picha hailipi ada."

Elieta aliegemeza gongo lake kwenye meza, akaisogeza sahani yake mbele kidogo. "Nisingefika, ingekuwa kama hakuna aliyekimbia. Weka unapoona haki, Madamu. Ila nitazame ukiweka."

Theodora ameshika yai. Lina joto bado. Nyuma yake bwalo zima limeweka vijiko chini, shingo zimenyooshwa.

Sasa msiniambie alikate vipande vitatu, ada haikatwi kwa kisu cha jikoni. Msiniambie alirudishe jikoni. Lisipowekwa, bodi italimeza, na wote watatu watakwenda nyumbani. Na msiniambie kwamba Madamu ndiye mkosaji, hilo hata mbuzi wa Endagwasi wanalijua. Kumlaumu yeye hakumpi mtu cheti.

Bila aliyekata uzi, hakuna ushindi. Bila aliyevunja utepe, hakuna ushindi. Bila aliyetambaa, hakuna ushindi. Mmoja alitoa kifua, mmoja alitoa buriani ya mama yake, mmoja alitoa mguu, na wote waliahidiwa kwa maneno yale yale.

Haya, mkono wa Theodora nawaachia nyinyi. Yai hilo, wewe ungeliweka kwenye sahani ya nani? Na ukishaweka, hao wawili ungewatazama vipi wakiinuka? Amua upesi, maana linapoa, na kuna wasichana wapya waliosikia redio, wamekuja na viatu vya mbio mikononi, wamesimama pembeni wanangoja viti.