Pengo Lina Mwenyewe

Paukwa!

Pakawa!

Mbona mnaitika kama mmekwisha shiba? Haya, sogeeni. Hapo kale, kabla bibi zenu hawajaota meno, kulikuwa na kijiji, na humo aliishi seremala, Mzee Mbwiga.

Ujanani, mwaka wa njaa, Mbwiga alimfukuza mdogo wake, Chande, kwenye sinia. "Hapa hapana nafasi," alimwambia. Chande alikuwa keshanawa. Akajifuta mikono, akavuka mto, akaenda zake. Miaka ikapita, ikapita, ikapita. Neno lile likamkaa Mbwiga kooni.

Ndipo upepo ukaangusha mvule. Puu! Mzee akauchonga, ko-ko-ko, asubuhi ko-ko-ko, jioni ko-ko-ko. Akatoa meza ya duara, fupi, watu wakae mikekani wale pamoja. Ukingoni akachora ukili kama wa mkeka. Lakini upande mmoja mti ulikuwa na uwazi wa kumtosha mtu mmoja. Huo hakuugusa.

Watu wakacheka. "Mzee, meza yako kibogoyo."

"Pengo hilo lina mwenyewe," akajibu. Aibu ilimfunga mdomo, mzee wa watu, na hapo ndipo alipokosea.

Kwa siri akampelekea Chande salamu: "Rudi, ndugu yangu. Pengo lako nimeliacha wazi mezani."

Sasa, babu mzaa babu yangu, Makame, naye alikuwa seremala. Siku ya karamu ya mavuno, mzee yuko shamba, Makame akasema, "Tumsitiri mzee wetu, wageni wasimcheke." Akapachika ubao, akapiga randa, swii, swii. Pengo likazibika, usione hata alama. Najivunia mkono wake, na naulaani.

"Hodi."

"Karibu, baba," wakaitika watu, wasimjue.

Ni Chande, kichwa cheupe kwa mvi. Akaizunguka meza, akiipapasa. Akaizunguka tena. Mzee ndiyo kwanza anaingia, jembe begani.

"Hata leo, kaka?" Chande akauliza. Akajifuta mikono, akageuka.

Mzee akaitazama meza, ulimi ukamwia mzito. Sauti ilipomtoka, mwenzake keshavuka mto. Hawakuonana tena duniani.

Makame aliung'oa ubao akilia. Mzee akamwambia, "Wewe ulinisitiri, mwanangu. Mimi ndiye sikusema."

Basi, ukiona pengo, muulize mwenyewe kabla hujaliziba. Nawe mwenye pengo, sema mapema.

Hadithi yangu imekomea hapo. Meza ile ndiyo tunayolia hadi leo, na upande ule hakai mtu.