Sultani Haidari na Maneno ya Ng'ambo

Hapo zamani, mji wa Shungi ulitawaliwa na Sultani Haidari. Siku moja wafanyabiashara wa kigeni wakayacheka matamshi yake ya lugha yao, akaghadhibika, akatoa amri: neno lolote lililotoka ng'ambo lisitamkwe tena mjini, na atakayelitamka akae gerezani siku saba kwa kila neno. Waziri Idarusi, mjuzi wa asili ya maneno, akawekwa kuwa mwamuzi.

Ikawa Tunu, muuza vitumbua, aliwaonya wateja wasiegemee meza yake maana yayumba. "Meza ni neno la Wareno," akasema Waziri aliyekuwa akipita hapo, na Tunu akakamatwa. Kila alipojitetea akazidi kuteleza, hata siku zikafika sitini na tatu.

Mumewe, Chande, alikuwa mshona majamvi, fukara ambaye watu walimdhania punguani. Alishinda kutwa nzima akiyapima maneno mdomoni kama mtu atafunaye wali wenye mawe. Kisha akaenda barazani, akapiga magoti.

"Shikamoo, mkuu."

Waziri akaligeuza neno hilo huku na huku. Nashika miguu yako! Hakuona kosa.

"Wataka nini?" akauliza Sultani.

"Mimi ni mjinga, mkuu, nami sikuwapo mlipotangaza. Naomba nisomewe maneno yenu yote, niyafuate."

"Ombi jema. Waziri, msomee."

Basi Waziri akakunjua karatasi ya amri, akafumbua kinywa, akakifumba. Jasho likamtoka.

"Mbona husomi?"

Waziri akatikisa kichwa tu. Sultani akampokonya karatasi, akasoma kwa sauti kuu: "Amri ya Sultani..."

Waziri akainua vidole viwili.

"Wahesabu nini wewe?"

Kikainuka cha tatu.

Hapo Sultani akaitazama karatasi tena. Amri, si neno la kwetu. Sultani, si la kwetu. Adhabu, gereza, hata waziri! Akamtazama Chande, naye Chande bado amepiga magoti, macho chini, angoja kusomewa. Sultani akaanza kucheka, akacheka hata kilemba kikamwanguka.

"Ewe Chande, umetaka kunifunga mimi katika gereza langu! Karatasi hii ichomwe. Mfungueni mkewe, na nyumbani kwao wapelekewe magunia kumi ya mchele."

Tunu alipotoka akamshika mumewe mkono. "Uliwaambia nini, hata wakaniachia?"

"Sikuwaambia kitu," akajibu Chande. "Wao wenyewe walishindwa kusema."