Mashine ya Mamba Isiyovuja Hata Tone

Paukwa!

Pakawa!

Kukawa na nini?

Kukawa na jua la kupasua mawe, na samaki wa kugandisha meno. Sogeeni basi, nianze.

Hapo kale, si kale sana maana umeme ulikwisha kufika, Mamba alijenga jumba la baridi kando ya mto. Ndani alijaza sato na kambare na ningu, wamegandishwa hadi ukiwagonga wanalia ko! ko! Nyuma ya jumba kulikuwa na mashine kubwa kama vifaru wawili waliolala, ikinguruma nguru-nguru, nguru-nguru. Baridi ya mashine hiyo ililetwa na gesi iliyozunguka mabombani, ikaenda, ikarudi. Ndivyo ilivyotakiwa. Lakini gesi ya Mamba haikurudi yote. Nyingine ilipenya kwenye viungio ikaenda zake. Ssssss!

Fundi wa mashine alikuwa Pimbi mmoja mwanamke, jina lake Siwatu, mdogo kiasi cha kuingia ndani ya ndoo yake mwenyewe. Kila Jumatatu alichukua brashi, akapaka povu la sabuni kwenye viungio vya mabomba, huku akiimba:

Povu, povu, niambie,
hewa wapi ipitie?

Na povu likajibu: blu-blu-blu! Hapa!

"Bwana Mamba, inavuja."

"Ongeza gesi."

"Tuizime siku mbili, nichomelee bomba."

"Niizime, samaki wangu waoze? Ongeza gesi!"

Jumatatu ya pili akapaka, akaimba. Blu-blu-blu!

"Bwana Mamba, inavuja."

"Ongeza gesi!"

Jumatatu ya tatu hata hakumaliza kusema.

Siwatu aliongeza, lakini roho ilimuuma. Gesi ile ikitoka haipotei. Hupanda juu, ikatanda kama blanketi juu ya dunia, joto likakosa pa kutokea. Mama yake, Bi Mashavu, aliishi miambani, na mwaka ule mwamba uliwaka hata bibi kizee akawa anatembea kwa kuruka, tu! tu! tu!, nyayo zimebabuka. Kila alipofungua mtungi mpya, Siwatu alijiona yeye ndiye anayemuunguza mama yake.

Basi Baraza la Wanyama likatoa sheria. Kila mashine kubwa ya baridi iwe na kitabu chake. Inayovuja itengenezwe, na mwenye kukaidi au kudanganya, jumba lake lifungwe. Tena gesi isiuzwe ila kwa kufuata kitabu. Mkaguzi akateuliwa Kobe, naye akatuma barua kwamba atafika Alhamisi. Hakusema Alhamisi ipi.

Mamba akamwita fundi wake. "Siwatu, leta kitabu. Andika: haivuji."

"Huo ni uongo, bwana."

Mamba akafumbua kinywa, aaaah, kikawa kipana kama mlango wa ghala. "Unayaona meno haya? Yanataka kujua utaandika nini."

Moyo wa Siwatu ukapiga ndu-ndu-ndu. Akayatazama meno. Kisha, ili asiyatazame tena, akakitazama kitabu. Akasoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Alipofika wa tatu, moyo ukatulia kidogo.

"Niandike inavuja kidogo, bwana?"

"Haivuji!"

"Hata tone?"

"Hata tone!"

"Na hapa wanauliza kama inahitaji nyongeza ya gesi. Niandike imeshiba?"

"Imeshiba mpaka inacheua! Andika, Pimbi wewe usiye na mkia!"

Siwatu akaandika yote, neno kwa neno, kwa mwandiko wa kupendeza. Kucheua tu ndiko alikokuacha.

Kobe aliwasili Alhamisi ya tatu. Nyuma ya jumba hakwenda, maana kwa mwendo wake ni safari ya kulala njiani. Akakisoma kitabu, akaitikia kwa kichwa, akagonga muhuri: ga! "Mwandiko mzuri sana," akasema, akaanza kurudi.

Mamba akacheka hata maji ya mto yakatetema. Lakini mashine haikusoma kitabu, ikaendelea kuvuja. Gesi ikapungua, baridi ikapungua. Mamba akachukua kitabu, akaenda kwa Kunguru, muuza gesi.

"Nipe mtungi mmoja."

Kunguru akakisoma kitabu akiwa juu ya tawi, mbali na meno. "Haivuji. Imeshiba. Haihitaji nyongeza. Hongera, bwana! Sheria hainiruhusu kukuuzia."

"Ninahitaji!"

"Kumbe inavuja?"

"Haivuji!"

"Basi huhitaji. Kraa!"

Nguru-nguru ikawa nguru... nguru... ngu. Barafu ikaanza kudondoka, to! to! to! Na ukimgonga sato, halii tena ko! ko! Analia pwacha.

Mamba akamwendea Siwatu kwa sauti ya asali. "Fundi, mwanangu, futa kile ulichoandika."

"Muhuri haufutiki, bwana. Na ukisema ulidanganya, wanafunga jumba."

"Nifanye nini, mwanangu?"

"Upo ukurasa wa matengenezo ya hiari. Hata mashine nzima, isiyo na kasoro, inaruhusiwa kutengenezwa, mwenyewe akipenda. Tunaizima siku mbili. Gesi iliyobaki naivutia mtungini isitoke hata pumzi, nachomelea viungio. Hapo Kunguru anaruhusiwa kukuuzia mtungi mmoja."

"Na samaki?"

"Wataoza. Labda waliwe."

Mamba akalia, akalia. Akatia sahihi. Siku mbili nchi nzima ilinukia samaki wa kuchoma. Mamba alimsindikiza kila sato mlangoni kama anayemzika ndugu, na wageni waliokuja kula wakamshukuru kwa ukarimu wake.

Siku ya tatu mashine ikawashwa: nguru-nguru, nguru-nguru. Siwatu akapaka povu, akaimba. Povu likanyamaza. Akaimba tena. Kimya. Akaigeuza ndoo, akaikalia, asijue kama ameketishwa na furaha au na ile hofu ya meno iliyochelewa kufika. Kitabuni hakufuta hata herufi. Mashine ndiyo iliyokifuata kitabu.

Baraza liliposikia habari za matengenezo ya hiari, likamvika Mamba shada la maua na kumpa cheo cha Rafiki wa Anga. Mamba akahutubia: "Mimi tangu nikiwa yai nilichukia kuvuja." Siwatu alikuwa nyuma kabisa, akapiga makofi. Mwamba haukupoa siku ile, wala mwaka ule, maana anga si jiko la kuzima kwa kumwagia maji. Lakini jioni hiyo alimpaka mama yake mafuta kwenye nyayo, na kwa mara ya kwanza akaweza kumtazama usoni.

Sasa wenzangu, mafunzo ya ngano hii ni haya: usiandike kweli kitabuni. Kweli ilipakwa povu Jumatatu tatu, haikuziba hata tundu. Uongo mmoja wenye mwandiko mzuri ukaziba yote. Na mkaguzi asiharakishwe, ataumia miguu.

Mnaguna? Basi huyo anayeguna ndiye mwenye zamu ya kutoa ngano. Mimi ngano yangu nimeitua hapa. Ikiwa tamu, kuleni, ikiwa chungu, mpelekeeni Mamba ailambe.